Nane na Nane, Kumi na Sita

Jumamosi moja ya mwezi uliopita nilikwenda kulipa deni la ahadi. Binti yangu wa mwisho, aliye kidato cha kwanza, alikuwa amenifunga kwa maneno yangu mwenyewe: akileta ripoti isiyo na wino mwekundu kwenye somo la hisabati, nitampeleka kula piza. Ripoti ikaja safi. Mimi, niliyekula maisha yangu yote kwa kufundisha lugha, na kutunga mashairi yasiyomlipa mtu, nikazihesabu noti mfukoni, nikatenga nauli ya daladala, zikabaki 24,000 na chenji kidogo. Ndiyo iliyokuwa bei ya piza moja ya kati, yenye upana wa inchi 12.

Tukaagiza, tukakaa. Baada ya muda mhudumu, msichana mpole wa umri wa kuwa binti yangu mkubwa, akarudi na uso wa kuomba radhi.

"Mzee, samahani. Ya inchi 12 imetuishia. Lakini nitakupa mbili za inchi 8 kwa bei ile ile. Nane na nane kumi na sita, kwa hiyo umezidishiwa inchi nne."

Nikamshukuru kwa dhati. Ndogo moja iliuzwa 14,000, kwa hiyo mbili zilikuwa za 28,000, nami nazipata kwa 24,000. Inchi nne za bure, na shilingi 4,000 za bure! Nilikuwa tayari nimemwambia alete, binti yangu aliponigusa mkono. "Baba, ngoja kidogo." Akavuta karatasi ya kufutia mikono, akaniazima kalamu, akaandika. Nusu ya 8 ni 4. 4 mara 4 ni 16. Piza zipo mbili, basi 32. Nusu ya 12 ni 6. 6 mara 6 ni 36. "Pai iko pande zote mbili," akasema, "kwa hiyo naiacha." Kisha akanigeuzia karatasi. Kwenye piza moja tuliyoikosa palikuwa na sehemu 36, na kwenye mbili tulizopewa palikuwa na 32. Badala ya kuzidishiwa, tulikuwa tumepunjwa sehemu 1 katika 9.

Halafu, kwa ule ukatili wa watoto waliogundua kwamba wanajua jambo, akaendelea. Ukingo wa piza ni mkate mtupu. Tuuhesabu kuwa na upana wa inchi 1 kuzunguka. Ukiutoa, piza ya inchi 8 inabakiwa na duara ya inchi 6 yenye jibini na nyama, na ya inchi 12 inabakiwa na duara ya inchi 10. Nusu zake ni 3 na 5. Tisa na tisa ni 18, dhidi ya 25. Kwa maneno mengine, kwenye kile kitu hasa tulichokifuata, tulikuwa tukipoteza zaidi ya robo.

Mhudumu aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Hakukasirika, wala sikuona machoni pake dalili ya mtu aliyefumwa. Alikuwa ameamini alichotuambia. Akaenda nayo kwa msimamizi wake, akarudi, akasema tulipe 21,000. Binti yangu alikwishakokotoa kwamba haki ni 21,300 na kitu, akanong'ona kwamba tumefaidi. Akala kwa raha.

Mimi chakula hakikushuka. Nilikuwa nimerudi Tanga, Ngamiani, mwaka 1988, mbele ya jiko la mkaa la marehemu mama yangu.

Mama aliuza chapati na chai alfajiri, kwa makuli waendao bandarini na wafanyakazi wa reli. Chapati zake zilikuwa ndogo na laini, zenye upana wa futuri moja, yaani kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Wapenzi wa lugha wataniruhusu niseme kwamba neno hili linatutoka, nalo ni neno zuri. Siku hizi hata shubiri watu huiita "kiganja" na kuacha hapo. Futuri ya mama ilikuwa kama inchi 6, na chapati ya futuri moja iliuzwa shilingi 6. Kikaango chake kidogo kilipopasuka, mjomba akamletea kingine, kipana, cha kutoshea chapati ya shubiri nzima, ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Inchi 9.

Mama hakuwa amesoma shule, lakini kwa hesabu za kichwa hakuna aliyempiku pale mtaani. Alikaa, akapima kwa mkono, akafikiri. Kikaango kipya kimezidi kile cha zamani kwa nusu yake. Basi na bei izidi kwa nusu yake: kutoka shilingi 6 hadi 9. Unga nao utazidi kwa nusu. Kilo moja ilikuwa ikitoa chapati 27. Sasa itatoa 18. Ishirini na saba mara sita, 162. Kumi na nane mara tisa, 162. Hakuna aliyedhulumiwa, si muuzaji wala mnunuzi. Tazama jinsi hesabu ile ilivyo safi. Kila hatua ilifuata ile iliyotangulia, na kila jumla ilikuwa sahihi.

Tangu siku ya kwanza wateja walifurika. Kilo 4 za unga, zilizokuwa zikimfikisha hadi jua kuchomoza vyema, zilikwisha kabla watu hawajamaliza foleni. Badala ya chapati 72 alizozitarajia, zilitoka 48. Chapati 24 hazionekani. Kesho yake, 24 hazionekani. Keshokutwa vivyo hivyo, 24 bila kupungua wala kuzidi. Na kwa kuwa mama aliziamini hesabu zake, alibakiwa na maelezo mawili tu: uchawi au mkono wa mtu. Uchawi hakuuamini.

Aliyekata madonge na kuyasukuma alikuwa dada yetu, binti wa mama mkubwa, aliyeletwa kutoka Muheza amsaidie mdogo wa mamaye. Alikuwa na miaka kama 18. Mama alikaa jikoni, akigeuza na kuuza. Unga ulikuwa mikononi mwa dada. Sitaki kuyaandika maneno yote yaliyosemwa. Wiki ya pili haikwisha dada hajapandishwa basi na kifurushi chake, na huko Muheza habari zilikwishatangulia kwamba amekuwa mdokozi wa unga. Neno hilo lilimkalia miaka mingi. Mama naye, baada ya kubaki peke yake na kuona chapati 24 bado hazionekani, alipunguza kilo, kisha akaacha kabisa, akaenda kuuza mchicha. Hakuwahi kusema alikosea wapi. Nadhani hakujua.

Kilichonikaba pale mezani ni hiki: mwaka ule mimi nilikuwa kidato cha pili. Daftari langu la hisabati lilikuwa na eneo la duara, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na alama ya vyema pembeni. Ishirini na mbili juu ya saba, mara nusu kipenyo, mara nusu kipenyo. Nilikokotoa bustani za duara, matangi ya maji ya duara, na magurudumu, yote yenye nusu kipenyo cha 7, au 14, au 21, ili saba ya juu iikate saba ya chini na mwalimu apate usingizi. Sijawahi kukutana na saba hiyo sokoni. Na sikuwahi, hata mara moja, kuliona daftari lile na kile kikaango kuwa vinazungumzia jambo moja.

Sita mara sita, 36. Tisa mara tisa, 81. Chapati mpya haikuwa moja na nusu ya ile ya zamani. Ilikuwa mbili na robo. Unga wa chapati 9 za futuri ulitoa 4 tu za shubiri. Kilo ya unga iliyokuwa ikitoa 27 haikuweza kutoa 18. Ilikuwa ikitoa 12, bila mtu yeyote kuiba chochote. Kumi na mbili mara tisa ni 108. Mama alikuwa akipoteza shilingi 54 kwa kila kilo, na kadiri wateja walivyomsifu ndivyo alivyozidi kuzama. Bei ya haki ingekuwa shilingi 13 na nusu, au basi chapati isukumwe nyembamba zaidi, jambo ambalo mama asingelikubali hata kwa fimbo.

Tangu usiku ule nimekuwa nikilitafuta kosa hili ndani ya lugha, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoiweza. Nalo limo. Tunasema kitu ni "kikubwa", na neno hilo moja tunalitwika urefu, upana, unene, uzito na hata heshima. Mtu akikuuliza piza hii inaizidi ile kwa kiasi gani, Kiswahili cha kila siku hakimlazimishi aseme inaizidi nini. Lakini Kiswahili cha darasani kimetupa maneno mawili ambayo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa maneno yaliyoundwa vizuri kuliko yote. Kipenyo kinatokana na kupenya: ni mstari unaoingia upande huu, ukapita katikati, ukatokea upande wa pili. Eneo linatokana na kuenea. Mstari hupenya kwa njia moja tu. Kitu huenea pande zote kwa pamoja. Mama alipima kwa shubiri, na shubiri hupima kinachopenya. Unga ulikuwa unaenea.

Washairi hatuna udhuru wa kutolijua hili, maana tunalifanya kila tunapokaa kutunga. Ubeti wa utenzi una vipande 4 vya mizani 8: jumla mizani 32. Ubeti wa tarbia tuliyoizoea una mishororo 4, kila mmoja mizani 8 za ukwapi na 8 za utao: jumla 64. Tumeupanua ubeti kwa upande mmoja, tukaacha idadi ya mishororo ilivyokuwa, na kwa hiyo kazi imezidi mara 2. Ukipanua mizani mara 2 na kuongeza mishororo mara 2 pia, utafika 128, mara 4 ya ulipoanzia, na hapo ndipo mtunzi mchanga anapogundua kwa nini vina vimemwishia. Ubeti una adabu. Unaweza kuukuza upande mmoja ukautuliza upande mwingine. Duara haina adabu hiyo. Ukiivuta huku, imekwenda na kule.

Nilimuuliza binti yangu kama kuna njia ya kufanya hesabu ile bila pai na bila kugawa kipenyo kwa 2. Akaniambia ipo: zidisha kipenyo kwa kipenyo chenyewe, basi. Huo si ukubwa halisi, lakini kwa kulinganisha piza na piza unatosha, kwa sababu kinachoachwa ni kile kile pande zote. Usiku tukaichukua bei yote ya duka lile tuliyoipiga picha, tukaifanyia kazi. Piza ya inchi 8 ni 64, nayo inauzwa 14,000: kila sehemu kama shilingi 219. Ya inchi 12 ni 144 kwa 24,000: kila sehemu shilingi 167. Kubwa kuliko zote, ya inchi 16, ni 256 kwa 36,000: kila sehemu shilingi 141. Kumbe anayenunua kubwa hulipa karibu theluthi mbili tu ya kile anacholipa wa ndogo kwa tonge lile lile. Sidhani ni hila. Kasha, kuni au umeme wa tanuri, na mikono ya mpishi havipungui sana piza inapokuwa ndogo. Lakini ya inchi 16 kwa watu wawili ni kununua kiporo, na kiporo cha piza, nasema kama mtu wa pwani, hakikifikii kiporo cha wali.

Nilifurahi pia kukuta kwamba aibu yangu ni ya zamani sana, na kwamba kuna Waafrika walioikwepa. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna mafunjo yaliyoandikwa Misri na karani aitwaye Ahmose, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, naye anasema ananakili maandishi ya zamani zaidi. Ndani yake mna swali la shamba la duara lenye kipenyo 9. Jibu la karani: toa sehemu 1 ya 9, ibaki 8, zidisha 8 kwa 8, shamba lina 64. Hakuna pai, hakuna 22 juu ya 7. Jibu la kweli, kwa hesabu za leo, ni 63.6. Nikaduwaa, maana 9 ile ndiyo chapati ya mama. Karani yule angekaa Ngamiani kwenye gunia la mkaa, angesema: Mama, chapati yako mpya ni 64. Na ile ya futuri angeikokotoa ikamjia 28 na kitu. Angegawanya. Dada asingepanda basi. (Kwamba 64 hiyo ndiyo pia idadi ya mizani ya ubeti wa tarbia ni sadfa tu, nami naitaja kwa sababu nawajua wasomaji wa hapa, wangenitajia wao.)

Na piza ya Forodhani, Unguja, ambayo kwa kweli ni chapati nyembamba iliyojazwa nyama na mayai ikakunjwa kwa pembe nne, haina taabu yoyote katika jambo hili. Unapima upande, unauzidisha kwa upande, unakula.

Ilinichukua siku tisa kupiga simu Muheza. Dada ana wajukuu sasa. Tumekuwa tukionana kwenye misiba na harusi, tukiulizana hali, tukipita pembeni mwa jambo lile kama watu wanaokwepa shimo ambalo kila mmoja analijua.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini? Wewe hupigi simu mchana."

Nikamweleza. Nilianza na piza, nikaona nazunguka, nikaingia moja kwa moja kwenye futuri na shubiri, 36 na 81, 27 na 12. Nilimwambia kwamba zile chapati 24 hazikuwahi kuwapo. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Nilimwambia Mama mdogo," akasema. "Siku ya tatu tu nilimwambia. Nilichukua donge la kikaango kipya nikalikata mbele yake, nikamwonyesha, likatoa madonge mawili ya zamani na kipande kikabaki. Akasema nimeanza ujanja." Akapumua. "Na wewe ulikuwepo. Ulikaa kwenye gunia la mkaa, unajisomea."

Gunia nililikumbuka. Kitu kingine chochote sikukikumbuka, na mpaka sasa sikikumbuki, wala sikumwambia kwamba nakikumbuka.

Nikamwomba radhi, kwa niaba ya mama na kwa niaba ya aliyekaa kwenye gunia. Hakunijibu hilo. Aliuliza: "Mama mdogo alijua?"

"Hakujua, Dada. Alifariki hajajua."

"Haya." Kisha, baada ya kitambo: "Hiyo karatasi ya mtoto unayo?"

"Ninayo. Ina madoa ya nyanya."

"Ije. Usiipige picha. Ije yenyewe, na huyo mtoto aje nayo."

Tunakwenda Jumamosi. Ametuagiza tupite sokoni tuchukue kilo 1 ya unga. Kikaango anacho, tena anavyo viwili. Kama zitakuwa 27 au 12, amesema, tutaamua huko huko.